Binti wa Kahuhia na Kitabu cha Pasi

Kamati iliponiomba ukurasa wa historia badala ya ile taarifa ya hesabu ambayo wengi wenu huiruka hadi kwenye jumla, nilichagua jina la Muthoni Likimani. Sisi watu wa Murang'a tumepita Kahuhia mara nyingi, kwenye michezo ya shule, harusi na mazishi. Lakini waulize vijana wetu walioko Nairobi huyu mama ni nani, na wachache watakujibu. Watakutajia wanaume wa siasa na biashara waliotoka kwetu hadi uchoke.

Alizaliwa mwaka 1926 katika misheni ya Kianglikana ya Kahuhia. Baba yake, Kasisi Levi Gachanja, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuwa makasisi wa kanisa hilo nchini. Kwa hiyo alikulia penye mpaka. Upande huu kulikuwa na kengele ya kanisa, sabuni na daftari. Upande wa pili kulikuwa na cucu, ngoma na mila. Alikuwa bado mtoto mdogo mzozo wa tohara ya wasichana ulipolipuka mwaka 1929 na kuyagawanya makanisa na shule kote Ugikuyuni, na hata familia za ukoo mmoja zikakosa kusalimiana. Ukitaka kujua maisha ya misheni yalivyokuwa kwa watoto wa wakati ule, adhabu zake na unafiki wake, soma riwaya yake ya 1974, They Shall Be Chastised. Binti wa kasisi hakulionea kanisa haya.

Alifanya kazi ya ualimu, kisha akaingia redioni, akawa mtayarishaji wa vipindi vya wanawake na watoto. Tusiichukulie kazi hiyo kuwa ndogo. Siku zile redio ilikuwa kitu cha kukusanyikiwa, na mwenye nayo alikuwa mzee wa nyumba, ndiye aliyeamua ifunguliwe saa ngapi. Sauti ya mwanamke Mwafrika ikizungumza na wanawake wenzake kuhusu mambo yao ilimfikia mama ambaye hakuwahi kukaa darasani, akiwa anamenya viazi. Hakuhitaji kujua kusoma.

Ila neno la redioni likishasemwa limekwenda. Nadhani hilo ndilo lililompeleka kwenye vitabu, ingawa haya ni maoni yangu. Mwaka huo huo wa 1974 alitoa pia What Does a Man Want?, shairi refu lisilo na vina, kwa mtindo uliopata umaarufu kupitia Okot p'Bitek wa Uganda. Humo wanawake wa kila namna wanapokezana kulalamika juu ya wanaume. Wanaume wengine wataona amewaonea. Mimi nilicheka, kisha kicheko kikakwama.

Kitabu chake kinachotuhusu zaidi sisi wa nyumbani kilitoka mwaka 1985, mwaka ambao Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kinaitwa Passbook Number F.47927. Mhasibu hawezi kupita jina la namna hiyo bila kusimama: mtu mzima, mwenye ukoo na watoto, ameandikwa kama nambari ya stakabadhi.

Wanaume walikuwa wamebeba kipande tangu miaka ya 1920. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, ambapo watu zaidi ya 20,000 walikamatwa, kitabu cha pasi kikawa ndicho kinachoamua kama Mgikuyu, Mwembu au Mmeru atalala mjini, atapanda basi au atarudishwa kwao. Huko nyumbani, watu zaidi ya milioni 1 waliondolewa kwenye maboma yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 chini ya macho ya ngati. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Basi nani alijenga vibanda vya vijiji hivyo? Nani alichimba handaki la kando ya msitu na kulipanda miti iliyochongwa ncha? Ni akina mama, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na bila mshahara. Ni wanawake wa wilaya hii hii ambao mwaka 1948 waligoma kuchimba matuta kwa amri ya serikali.

Likimani aliyasimulia hayo kwa hadithi za kubuni zilizosimama juu ya mambo yaliyotokea. Lugha yake ni ya haraka, imejaa mazungumzo, na unasikia kabisa kwamba mwandishi alitoka redioni. Angeweza kunyamaza. Alikuwa binti wa kasisi na mke wa Dkt. Jason Likimani, Mmaasai aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza huduma za matibabu za serikali ya Kenya. Watu wa daraja lake walikuwa na sababu nyingi za kusahau handaki.

Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe ya matangazo na uchapishaji, Noni's Publicity, akaendelea kuchapisha habari za wanawake wa Kenya, na mwaka 2005 akatoa tawasifu yake, Fighting Without Ceasing.

Sasa nirudi kwenye daftari zetu. Nimezipitia za miaka ya mwanzo ya chama hiki. Michango ya pesa imeandikwa vizuri, hadi senti, kwa majina ya wenye nyumba. Mawe, kokoto na maji ambayo akina mama walibeba vichwani kujenga zahanati yetu hayakuwekewa thamani yoyote, na waliobeba wametajwa mara moja tu, kama "wanawake". Kwa hesabu za kawaida za ujenzi, kazi ile ni pesa, tena si haba.

Ndiyo maana katika bajeti ya mwaka huu, ukurasa unaofuata, mtaona fungu la kurekodi sauti za cucu zetu na kuziandika. Msichana aliyekuwa na miaka 15 alipopelekwa handakini mwaka 1954 sasa amepita 85. Katika kata yetu tumewahesabu 11 ambao bado wana kumbukumbu nzuri. Mwaka jana walikuwa 14.

Mwenye kitabu cha pasi cha mama au nyanya yake, hata kama kimeliwa na mchwa, akilete siku ya harambee. Kutakuwa na meza karibu na ya risiti. Tutakipiga picha na kumrudishia hapo hapo.