15 ya 2002 na 15 ya 2018

Wandugu wa lisanse, hapa Kolwezi kila tukikaa kuongea redevansi ya madini, lazima mmoja atasema: "Kode ilibadilika, lakini ile 15% yetu ilibakia 15%. Basi ni kitu kilekile." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, na ni mtu wa agronomia, kila siku napima mbolea kwa hektari!

Kode ya Julai 2002 iliweka 2% kwa shaba, lakini 2% ya pesa iliyobaki baada ya kutoa garama za usafiri, analizi, asiransi na kuuzisha. Hiyo ikagawanywa: serikali kuu 60, provensi 25, mji au teritwari 15. Kode ya Machi 2018 ikaweka 3,5% ya bei yote, garama hazitolewi tena. Mgawo: 50, 25, 15 kwa ETD kwenye mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. (Kobalti iko na hesabu yake ya 10%, tuiache leo.) Kumbe kisu ni kilekile, mkate njo ulibadilika.

Umebadilika kiasi gani? Bei tuite V, garama G. Tunatoa ya zamani kwenye mpya, namba ya chini ni moja, 100:

3,5V/100 − 2(V − G)/100 = (1,5V + 2G)/100

Kwenye ile +2G njo nilianguka. Niliandika −2G, kama mtoto wa sekondeeri. Alama ya kutoa ikiwa mbele ya mabano, inageuza kila kitu kiko ndani. Na hapa hiyo G si herufi tu: ni garama ambazo zamani zilipunguza sehemu ya watu, sasa zinarudi upande wao.

Chukua shaba ya dolari 1000, garama 200. Zamani redevansi ilikuwa 16, na 15% yake 2,40. Sasa ni 35, na 15% yake 5,25. Tofauti ni 2,85. Kwa kosa langu ilitoka 1,65, yaani dolari 1,20 zimepotea kwenye kalamu, kwa kila 1000.

Shida ni kwamba baba mukubwa wangu, mzee wa usultani, alikuwa ameshaandika 1,65 kwenye kaye ya kupeleka mkutanoni. Nilirudi kwake asubuhi na mapema, mbele hajatoka. Aliniangalia, akafuta, akasema: "Andika wewe mwenyewe. Na uandike na njia yote, wataniuliza."