Dhahabu ya Kilo, Zebaki ya Leiden

Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu katika vijito vya Kilo, kaskazini ya Bunia, huko Kongo. Miaka michache baadaye, kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes naye alikuwa na dhahabu mezani, kwa haja nyingine kabisa: kujua ukinzani wa umeme unaishia wapi metali inapopozwa kwa heliamu kimiminika. Ukinzani wa dhahabu ulipungua, kisha ukagoma kushuka. Onnes akashuku uchafu uliojificha ndani yake. Akaiweka kando, akachukua zebaki, ambayo husafishika kwa kuchemshwa na mvuke wake kukingwa tena. Aprili 1911, kwenye kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wa zebaki ulitoweka ghafla.

Nazilinganisha kazi hizi mbili, uchimbaji wa Kilo na upimaji wa Leiden, kwa kuwa zinashika metali zilezile, kila moja ikitupa kile ambacho nyingine inakitafuta. Mchimbaji wa Kilo huosha mchanga karaini mpaka abaki na ule mweusi, mzito. Baadhi ya wachimbaji humimina zebaki humo. Chembe za dhahabu hushikamana nayo kuwa donge, na donge huchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mkono unaojua, kwa uzito na rangi tu, lini uache kuosha, umejaribu na kusahihisha mara nyingi mno. Huo ni utafiti, na sioni haki ya kuunyima jina hilo. Ila Leiden iliukinga mvuke kwa kuwa ndio iliyoutaka. Kilo huuachia, nao huingia mapafuni, ukadhuru figo na ubongo wa mchomaji na wa watoto walio karibu.

Katika suala la usafi ndipo njia zinapoachana. Kwa mnunuzi wa Bunia, kila kilichochanganyika na dhahabu huishusha bei. Leiden nayo ilianza na imani ya namna hiyo, hadi mwaka 1929, W. J. de Haas, E. van Aubel na J. Voogd walipoiunganisha dhahabu na bismuthi. Hakuna kati ya hizo mbili iliyokuwa imewahi kupoteza ukinzani wake wote. Zikiwa pamoja, zikaupoteza karibu na kelvini 2. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko sifa linayopewa. Dhahabu pekee hupanga atomi zake kwenye pembe za mchemraba na katikati ya kila uso wake. Atomi mbili za dhahabu zikikutana na moja ya bismuthi, fuwele hujengwa upya, na elektroni zikapata mwenendo ambao wakati huo hakuna aliyekuwa ameuona katika metali yoyote kati ya hizo.

Zebaki yenyewe ilipata makao mapya mwaka 1993: fuwele ya matabaka yenye bariamu, kalisiamu, shaba na oksijeni, ambayo ukinzani wake hutoweka kwenye kelvini zaidi ya 130. Fuwele hiyo hupikwa ndani ya chombo kilichozibwa, la sivyo zebaki hutoroka kabla ya kujipanga. Wachomaji wa Kilo nao wanastahili chombo cha kuzibwa. Kipo, ni retoti ya chuma: mvuke hupita bombani, ukapoa, na zebaki ikarudi kutumika tena.