PCOS: jina lililotupoteza

Juzi dada mmoja niliyesoma naye chuo alitoka kupima ultrasaundi akilia. Karatasi ilisema ovari zake zina vivimbe vingi. Mahari yake imeshapelekwa nusu, na shangazi yake alipoona ile karatasi alitamka neno moja tu: mgumba.

Nikaamua kuchimba historia ya ugonjwa huu unaoitwa PCOS. Nilichokuta, ndugu msomaji, ni kwamba jina lenyewe limewapoteza watu miaka mingi, madaktari wakiwemo.

Mwaka 1721 huko Italia, Antonio Vallisneri aliandika habari za mwanamke wa shamba, kijana, mnene kiasi, aliyeolewa asipate mtoto. Ovari zake zilikuwa kubwa kuliko kawaida, nyeupe, zenye vinundu, mithili ya mayai ya njiwa.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1935, Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walichapisha habari za wanawake 7 wenye ovari za namna hiyo, ambao hedhi yao ilikuwa imepotea au inakuja kwa nadra. Waliwapasua na kukata kipande cha kila ovari. Hedhi ikarudi, na wawili kati yao wakashika mimba.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Tangu 1935 ilikuwa imeshaandikwa kwamba mwanamke mwenye hali hii anaweza kushika mimba. Lakini mafanikio yale yaliacha pia fundisho baya: kwamba ugonjwa uko kwenye ovari na dawa yake ni kisu. Kwa miongo kadhaa wanawake wakawa wanapasuliwa, na baadhi walibaki na makovu ya ndani yaliyoshikanisha viungo vya uzazi. Aliyekwenda kutafuta mtoto akarudi na sababu mpya ya kumkosa.

Kumbe vile si vivimbe. Ni vifuko vya mayai vya kawaida, vilivyoanza kukua vikakwama njiani kwa sababu homoni zimeyumba. Yai lisipopevuka halitoki, na hedhi nayo inapotea.

Mwaka 1961 Robert Greenblatt na wenzake, wa Georgia, Marekani, walitoa taarifa ya clomiphene, kidonge kinachouchochea ubongo utoe homoni za kupevusha yai. Kiliruhusiwa nchini humo mwaka 1967. Kisu kikaanza kupata mpinzani.

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wanawake hawa huwa na insulini nyingi kwenye damu. Insulini ikizidi, huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo maana wengine huota ndevu na chunusi. Kwa hiyo suala ni la mwili mzima, ovari ni mahali linapoonekana tu.

Utafiti wa wanawake 750 uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa letrozole, dawa iliyoanza kutumika kwa saratani ya matiti, iliwapa watoto hai asilimia 27.5, dhidi ya 19.1 kwa clomiphene.

Lakini kushika mimba siyo mwisho wa safari. Mama mwenye PCOS yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kabla ya wakati. Aanze kliniki mapema, apimwe sukari na presha.

Desemba 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina libadilishwe, kwa kuwa linawaelekeza watu kusiko. Na haya si mambo ya wachache: inakadiriwa takribani mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa ana hali hii.

Nimempigia yule dada nikamsomea habari za wale 7 wa Chicago. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie yote kwenye karatasi, kwa Kiswahili chepesi. Jumapili kuna kikao cha ndugu, na shangazi atakuwepo.