Waliochoka vita waliwachukia pia waandamanaji

SIKU chache baada ya askari kuwaua kwa risasi wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Kent State, jimboni Ohio nchini Marekani, Mei 4, 1970, shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza wananchi wa nchi hiyo nani abebe lawama. Asilimia 58 waliwataja wanafunzi. Waliowalaumu askari walikuwa asilimia 11 tu.

Wanafunzi hao walikuwa wakipinga uamuzi wa Rais Richard Nixon, uliotangazwa Aprili 30, wa kupeleka majeshi Kambodia, ilhali wananchi walikwisha kuahidiwa kuwa vita vya Vietnam vinapunguzwa. Askari wa kikosi cha akiba cha jimbo walifyatua risasi zipatazo 67 kwa sekunde 13. Tisa walijeruhiwa. Wawili kati ya waliouawa hawakuwa hata miongoni mwa waandamanaji.

La kustaajabisha ni kwamba waliotoa lawama hizo si lazima wawe walivipenda vita. Tangu Agosti 1968 zaidi ya nusu ya waliohojiwa na Gallup walikuwa wakisema kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa. Tena, kinyume cha inavyodhaniwa, wazee ndio walioonyesha shaka zaidi kuliko vijana. Mtu aliweza kuvichukia vita, na papo hapo kumchukia zaidi kijana mwenye nywele ndefu aliyevipinga barabarani.

Mei 8 mwaka huo, mafundi ujenzi wenye kofia ngumu waliwavamia na kuwapiga waandamanaji karibu na Wall Street, New York. Chuki hiyo ilikuwa na mzizi wake. Aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa kuitwa jeshini; mtoto wa fundi asiyesoma chuo alikwenda. Bango la amani, machoni pa baba wa askari, lilikuwa la mtu aliyekwepa zamu.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, Machi 18, watumishi wa posta wa New York walikuwa wamegoma, kinyume cha sheria. Mgomo ulienea hadi kuwahusisha zaidi ya wafanyakazi 200,000, na Nixon akatuma askari wachambue barua. Hata hivyo, hakuna aliyefukuzwa kazi, na mishahara ikapandishwa. Mpeleka barua alianza kwa dola 6,176 kwa mwaka, na ilimchukua miaka 21 kufikia dola 8,442. Hesabu kama hiyo kila mwenye familia aliielewa bila kuhubiriwa.

Wagomaji nao hawakuungwa mkono nyakati zote. Rais Ronald Reagan alipowafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 mwaka 1981, asilimia 59 ya waliohojiwa na Gallup walimuunga mkono. Mwaka 1997, madereva na wapakiaji wa kampuni ya vifurushi ya UPS walipogoma, asilimia 55 walikuwa upande wao, dhidi ya 27 waliosimama na kampuni.

Pengo kati ya mfanyakazi na mwanafunzi halijazibika. Agosti 2023, Gallup iliripoti kuwa asilimia 75 ya Wamarekani waliwaunga mkono wafanyakazi wa viwanda vya magari katika mvutano wao na waajiri. Mei 2024, wanafunzi walipopiga mahema vyuoni kupinga vita vya Gaza, waliowaunga mkono katika kura ya YouGov walikuwa asilimia 28, na waliowapinga 47.