Kamoya Kimeu na Kijana wa Nariokotome

Tarehe 22 Agosti 1984 ilikuwa siku ya mapumziko katika kambi ya watafiti huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku, hakupumzika. Alivuka mkondo mkavu wa mto, akafika kwenye mteremko wa changarawe nyeusi za volkano, akaanza kuangalia chini. Kati ya mawe alikiona kipande kidogo cha mfupa, rangi yake ile ile ya mawe. Kwa wembamba na mpindo wake akatambua kuwa ni cha fuvu la zamadamu.

Watafiti Richard Leakey na Alan Walker walianza kuchimba na kuchekecha udongo, na kazi ikaendelea kwa misimu kadhaa. Hadi inakamilika, mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja wa Homo erectus ilikuwa imepatikana, naye alikufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kabla yake, zamadamu wa umri huo walijulikana zaidi kwa vipande vya mifupa. Sasa wataalamu walikuwa na mbavu, nyonga, uti wa mgongo na miguu ya mtu mmoja. Alikuwa mrefu, karibu sentimita 160, miguu mirefu kama ya watu wa leo, lakini ubongo wake ulikuwa mdogo, kama sentimita za ujazo 880. Meno yake yanaonyesha alikuwa na miaka 8 au 9 tu, ilhali mifupa inafanana na ya mtoto mkubwa zaidi. Kumbe Homo erectus walikua haraka kuliko sisi. Taya lake lina alama ya uvimbe pale jino la utoto lilipong'oka. Mtoto huyu aliugua fizi, na hapo, kwangu mimi, anaacha kuwa kielelezo cha maabara.

Bonde la Turkana linahifadhi mengi kwa sababu mito ilifukia mifupa kwa tope, volkano zikaweka matabaka ya majivu yanayoweza kupimwa umri, kisha mmomonyoko ukafunua vyote. Lakini mmomonyoko huo huo huharibu. Mfupa usipoonwa mapema huvunjika na kupotea, kwa hiyo kila kitu kinategemea jicho.

Jicho la Kamoya lilikuwa la mchunga mifugo wa Ukambani aliyesoma shule ya msingi tu. Mwaka 1960 alijiunga na Louis na Mary Leakey, wazazi wa Richard, kule Olduvai, Tanzania, wakati wengi walipoona kufukua mifupa ni kuwachokoza wafu. Mwaka 1964 alipata taya la zamadamu mwenye magego makubwa huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Miaka mitatu baadaye alikuwa Omo Kibish, Ethiopia, ambako aligundua mabaki ya binadamu wa aina yetu, ambayo sasa yanajulikana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 195,000. Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimkabidhi nishani ya Shirika la National Geographic. Shahada ya heshima ya udaktari ilimfikia mwaka 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kwa maoni yangu ilichelewa mno. Mtu anayejua pa kuinama anafanya sayansi sawa na anayepima fuvu mezani.

Wala hakuwa peke yake. Katika bonde hilo hilo la Turkana, Bernard Ngeneo ndiye aliyeviona huko Koobi Fora, mwaka 1972, vipande vya fuvu namba 1470, ambavyo Meave Leakey na wenzake waliviunganisha kwa subira. Fuvu hilo lilizusha mjadala mrefu kuhusu jenasi ya Homo. Peter Nzube alipata taya la Kanapoi mwaka 1994, nalo likawa msingi wa kutambuliwa kwa Australopithecus anamensis. Na mwaka 1999, huko Lomekwi, Justus Erus aliona fuvu lililopondeka la miaka milioni 3.5, lenye uso bapa. Wataalamu waliliita Kenyanthropus platyops.