Majina ya Ugeni Katika Nchi ya Buganda

Tangu zama za Kabaka Suna, wafanyabiashara Waarabu na watu wa Pwani walipofika Buganda, vitu vya kigeni vilikuja na majina yake. Kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kwa njia ya Unguja kiliitwa merikani, na jina hilo halikumdhuru mtu. Lakini jina la nchi akivikwa mtu asiye wa nchi hiyo, laweza kuzaa fitina.

Wamisionari Waprotestanti walifika kutoka Uingereza mwaka 1877, na mapadre Wafaransa mwaka 1879. Waganda waliosoma kwa wale wa kwanza wakaitwa Waingereza. Waliosoma kwa wa pili wakaitwa Wafaransa. Wote walikuwa wana wa nchi moja na lugha moja, wala wengi wao hawakupata kuiona Ulaya. Hata hivyo, Januari 1892 walipigana kwa bunduki huko Mengo chini ya majina hayo. Mwaka 1895 wakaja Nsambya mapadre Wakatoliki kutoka Uingereza, ili watu watambue kuwa Mkatoliki si lazima awe Mfaransa.

Kwa Waislamu jambo likawa jingine. Askari aliowachukua Lugard mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert walitoka makabila mengi ya Sudan, wakaitwa wote Wanubi. Wao walilipokea jina hilo, wakawa umma mmoja wenye lugha yao, Kinubi.

Basi kitambaa na kiitwe kwa kitokako. Mtu na aulizwe mwenyewe jina lake.