Pembe zenye jumla ya nyuzi 180

Pembe zenye jumla ya nyuzi 180 ni pembe mbili ambazo vipimo vyake vikijumlishwa hulingana na pembe ya mstari mnyoofu. Si lazima zikae pamoja: pembe za ndani za upande mmoja kati ya mistari sambamba iliyokatwa na mstari mwingine zina jumla hiyo, vilevile pembe zinazokabiliana katika pembenne ambayo ncha zake zote ziko juu ya duara. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa Alexandria, alizithibitisha kanuni hizi mbili mnamo takriban mwaka 300 KK.

Mfano ulio wazi zaidi ni njia panda. Dumila, wilayani Kilosa, barabara ya kwenda Kilosa inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Mahali barabara kuu inapochukuliwa kuwa mstari mnyoofu, mchepuko huo huacha pembe mbili, moja upande wa Morogoro na nyingine upande wa Dodoma. Tuseme, kwa zoezi tu, kwamba ni (2x + 30) na (3x − 20). Mlinganyo huwa 5x + 10 = 180, hivyo 5x = 170 na x = 34. Kazi haijaisha hapo, na ndipo wanafunzi wengi hukosea: swali huuliza pembe, si x. Thamani hiyo hurudishwa mahali pake, na pembe huwa nyuzi 98 na 82.

Nchini Tanzania mada hii hufundishwa katika somo la Hisabati.